Uzito ni uleule, lakini mnofu umekwenda wapi?

"SHANGAZI, afya imerudi! Tazama mashavu yalivyojaa!"

Huenda nawe, mpendwa msomaji, umewahi kutamka maneno kama haya ulipokwenda kumjulia hali jamaa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi, na ambaye husafishwa damu kwa mashine hospitalini. Ulisema kwa nia njema. Mgonjwa akatabasamu, mtoto akatumwa dukani kukuletea soda, nawe ukarudi kwako moyo ukiwa umetulia.

Lakini je, ulijiuliza mashavu yale yamejaa nini?

Kwa mtu mwenye figo nzima, mashavu yakijaa twasema anakula vyema. Kwa mtu ambaye figo zake zimekufa, uso unaojaa asubuhi huenda ukawa ni maji tu. Isitoshe, chini ya maji hayo mnofu wa mwili unaweza kuwa unapungua wiki baada ya wiki bila yeyote nyumbani kugundua, na bila hata mizani kusema lolote. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Juma hili tunataka kuzungumza nawe unayempikia mgonjwa wa aina hii, unayemsindikiza kwa matatu alfajiri na kumsubiri kwenye benchi hadi amalize. Unaweza kudhani kwamba kupima maji na lishe ya mgonjwa ni kazi ya daktari na muuguzi pekee. Ukweli ni kwamba wao humwona kwa saa chache tu kila juma, ilhali wewe humwona kila siku.

Mizani iliyo mlangoni

Ukiingia katika chumba cha kusafishia damu, utaona vitanda, mashine, na karibu na mlango utaona mizani. Mgonjwa hupimwa uzito kabla ya kuunganishwa kwenye mashine, na hupimwa tena kabla ya kwenda nyumbani. Kwa nini?

Figo nzima huondoa maji ya ziada mwilini usiku na mchana kwa njia ya mkojo. Figo zikifa, mkojo hupungua, na kwa wagonjwa wengi hukauka kabisa. Hivyo basi, sehemu kubwa ya kila kikombe cha chai na kila bakuli la uji hubaki mwilini hadi siku ya kurudi kwenye mashine. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mgonjwa aliyetoka hospitalini Jumatatu akiwa na kilo 60, na kurudi Alhamisi akiwa na kilo 62.4, hajanenepa. Amebeba takriban lita 2.4 za maji.

Hizo kilo 60 ndizo wataalamu huziita uzito mkavu, yaani uzito wa mgonjwa wakati hana maji ya ziada, hajavimba, anapumua vizuri akilala chali na shinikizo lake la damu limetulia. Muuguzi huchukua uzito wa siku hiyo, akatoa uzito mkavu, na tofauti inayobaki ndiyo mashine huagizwa kuiondoa.

Wataalamu hushauri kwamba uzito unaoongezeka kati ya siku moja ya kusafishwa na nyingine usizidi asilimia 4 hadi 4.5 ya uzito mkavu. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 2.4 hadi 2.7. Sababu ni kwamba maji yakivutwa kwa kasi, moyo huumia. Kiwango ambacho madaktari wengi hujaribu kutokipita ni mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa moja. Kwa mtu huyo wa kilo 60 hiyo ni mililita 780 kwa saa, au lita 3 na ushei kwa saa 4. Hapa Kenya wagonjwa wengi husafishwa mara mbili kwa juma, kumaanisha kwamba hukaa siku tatu au nne bila mashine. Hesabu hii huwabana kweli kweli.

Mtego wenyewe

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Tuseme shangazi yako alianza kusafishwa damu Januari, akapimwa, ikaonekana uzito wake mkavu ni kilo 60. Ikaandikwa kwenye faili.

Kufikia Machi hamu ya chakula imempotea. Nyama inamnukia vibaya, kinywa kina ladha ya chuma, na ugali anaumega mara mbili tatu kisha anasukuma sahani. Kufikia Juni amepoteza kilo 4 za mnofu na mafuta. Uzito wake mkavu wa kweli sasa ni kilo 56.

Lakini faili bado inasema 60. Kila siku ya zamu yake, mashine humshusha hadi kilo 60 na kusimama hapo. Muuguzi anaandika kwamba mgonjwa amefikia uzito wake. Nyumbani mnafurahi kwamba hajakonda. Kumbe kila anapotoka hospitalini huwa bado amebeba lita 4 za maji ambazo zimechukua mahali pa mnofu uliokwenda. Shinikizo la damu linapanda, naye anaongezewa vidonge. Usiku anaomba mto wa pili, kisha wa tatu. Moyo unasukuma mzigo ambao hakuna anayeuona, na siku moja maji yanaingia mapafuni.

Geuza mfano huo. Shangazi ametibiwa, hamu imerudi, anakula, naye amepata kilo 2 za mnofu. Ikiwa uzito mkavu haukupandishwa, mashine itamnyang'anya lita 2 ambazo mwili unazihitaji. Misuli ya miguu inakakamaa kwa maumivu, kizunguzungu kinamshika, anatapika, na huenda akazirai kitandani. Mgonjwa aliyepitia hayo huichukia mashine. Wengine huomba kuondolewa kabla ya saa 4 kwisha, na wengine huanza kukosa siku zao. Wanailaumu mashine, ilhali kosa ni nambari iliyopitwa na wakati kwenye faili.

Hii ndiyo sababu maji na lishe sharti vipimwe pamoja. Ukipima kimoja na kukiacha kingine, utadanganyika.

Vidole, macho na masikio

Suala hili si geni. Mwaka 1960, Dkt Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni mrija uliowezesha mgonjwa yuleyule kuunganishwa kwenye mashine tena na tena badala ya mara chache tu. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakiutafuta uzito mkavu wa kila mgonjwa, na hadi leo hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake.

Daktari huanza kwa vidole. Hubonyeza muundi wa mguu kwa muda kisha huachilia. Kibonyo kikibaki, hayo ni maji. Kwa mgonjwa anayelala sana, uvimbe hutafutwa kiunoni kwa nyuma, kwa kuwa maji huteremka upande wa chini. Daktari hutazama mishipa ya shingo kama imejaa, hupima shinikizo la damu, na husikiliza mapafu. Aidha, atauliza mgonjwa analalia mito mingapi, na kama huamka usiku akitafuta hewa.

Hata hivyo, mtu mzima anaweza kubeba lita kadhaa za ziada kabla ya miguu kuvimba. Kwa hivyo baadhi ya hospitali hutumia mashine ndogo inayopitisha umeme hafifu mno, usiohisiwa kabisa, kutoka mkononi hadi mguuni. Maji hupitisha umeme vyema kuliko mafuta, na kwa njia hiyo mashine hukadiria kiasi cha maji na kiasi cha mnofu. Kwingine madaktari hutazama mapafu kwa altrasaundi. Palipo na vyombo hivi, vyema. Pasipo navyo, vidole, macho na maswali bado vina kazi kubwa.

Lishe haipimwi kwa mizani pekee

Mwaka 1987 madaktari wa Toronto, Kanada, walichapisha njia rahisi ya kukadiria lishe ya mgonjwa, na hadi leo hutumiwa sehemu nyingi duniani, hata kwa wagonjwa wa figo. Haihitaji mashine yoyote. Mgonjwa huulizwa uzito wake umebadilikaje kwa miezi sita, anakula kiasi gani akilinganisha na zamani, kama ana kichefuchefu, kutapika au kuharisha, na kama bado anaweza kufanya kazi zake. Kisha mpimaji humtazama na kumpapasa: je, panda za uso zimebonyea? Mifupa ya mabega imetokeza? Nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada imenywea? Mwisho huwekwa katika kundi A, aliye na lishe njema, B, aliyeanza kudhoofika, au C, aliyedhoofika vibaya.

Wataalamu wengine hupima mzingo wa mkono kwa utepe kama ule wa fundi cherehani, kwenye mkono usio na mshipa wa kusafishia damu, au humwambia mgonjwa abane chombo kinachopima nguvu za kiganja. Misuli ikipungua, nguvu nazo hupungua. Miongozo ya kimataifa hupendekeza mgonjwa achunguzwe lishe angalau mara mbili kwa mwaka, na uzito wake ufuatiliwe kila mwezi.

Damu nayo ina habari zake, lakini isomwe kwa uangalifu. Protini ya damu iitwayo albumini ikishuka, huenda mgonjwa hali vizuri. Lakini pia hushuka akiwa na maambukizi, au maji yakiwa mengi kiasi cha kuizimua damu. Kuna pia kreatinini, takataka inayotokana na misuli. Familia nyingi hushangilia zikisikia kreatinini ya mgonjwa imeshuka mwezi baada ya mwezi. Msishangilie kabla ya kuuliza. Kwa mtu aliye kwenye mashine, huenda imeshuka kwa sababu misuli inayoitoa imepungua.

Mashauri ya zamani yanapoua hamu

Yapo makosa ambayo familia hufanya kwa mapenzi. La kwanza ni kuendelea na mashauri yaliyokwisha muda. Kabla ya kuanza kusafishwa damu, wagonjwa wengi huambiwa wapunguze nyama, mayai na maharagwe ili kuzipumzisha figo. Mgonjwa akianza mashine, ushauri huo hugeuka. Kila anaposafishwa, mashine hutoa takataka pamoja na takriban gramu 6 hadi 12 za chembechembe zinazojenga protini. Sasa anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Shangazi wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72.

Yai moja lina kama gramu 6. Gramu 100 za nyama au kuku aliyepikwa zina kama 25 au zaidi. Samaki hakosi gramu 20. Sasa fikiria mgonjwa ambaye bado analishwa wali mweupe na kabeji kwa sababu miaka miwili iliyopita aliambiwa nyama ni mbaya. Huyo anakula misuli yake mwenyewe.

La pili ni chumvi. Tunamkataza mgonjwa maji huku tukimtilia chumvi inayomtia kiu. Gramu 9 hivi za chumvi hudai lita 1 ya maji mwilini. Hicho ni kijiko cha chai kimoja na nusu tu. Mgonjwa atakunywa, umkaripie usimkaripie. Anashauriwa asipite gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kisichojaa, kwa kila kitu anachokula. Hesabu humo mkate, soseji, vikolezo vya dukani na krisipi. Hesabu pia magadi yanayotiwa kwenye githeri na mboga, maana yana sodiamu ileile. Badala yake tumia kitunguu saumu, dania, tangawizi, ndimu kidogo na pilipili.

Jihadhari vilevile na chumvi mbadala inayouzwa kama salama kwa wenye shinikizo, na maji ya majivu ambayo jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya hutumia kulainishia mboga za kienyeji. Vyote huwa na potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi katika damu moyo unaweza kusimama ghafla. Potasiamu imo pia katika ndizi, parachichi, madafu, machungwa, viazi, nduma na mboga za majani. Huna haja ya kuvifuta vyote. Viazi na mboga vikikatwa vipande vidogo, vikachemshwa katika maji mengi na maji hayo yakamwagwa, sehemu ya potasiamu hutoka. Mchuzi wa maji hayo usimpe.

Na ile soda aliyonunuliwa mgeni? Ikiwa ni ile nyeusi, mgonjwa asiionje. Ina fosforasi inayofyonzwa upesi, na fosforasi ikirundikana huharibu mifupa na mishipa. Omena nao, kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wana fosforasi nyingi. Mgonjwa akipewa vidonge vya kuzuia fosforasi, avimeze wakati wa chakula, si baadaye.

Kuhusu vinywaji, kipimo kinachotumiwa na wengi ni mililita 500 hadi 750 kwa siku, ukiongeza kiasi cha mkojo anaotoa kama bado upo. Daktari wake ndiye atakayesema hasa. Uji, supu, maziwa mala na tikitimaji, vyote ni maji. Mpimie asubuhi katika chupa moja: kila anapokunywa kitu kingine, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Ikikauka, siku imekwisha.

Usiseme hataki kula

Mgonjwa akikataa chakula, usimwite mkaidi. Huenda damu haijasafishwa vya kutosha kwa kuwa alikosa siku zake. Huenda ana maambukizi, hasa kama anatumia mrija wa shingoni. Huenda amefunga choo, dawa zinamchafua tumbo, au moyo wake umekufa kwa huzuni. Kila moja ya hizo ina matibabu yake, lakini sharti mtu aseme.

Na tusijifanye hatuoni suala la pesa. Tangu 2015 serikali ilipoanza kuweka mashine katika hospitali za kaunti, wengi hawalazimiki tena kusafiri hadi Nairobi. SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, hulipia kusafishwa damu kwa waliojiandikisha na kulipa michango yao. Lakini nauli ya mara mbili kwa juma na bei ya mayai hutoka mfukoni. Kama nyama ni ya Krismasi tu, sema hivyo kwa mtaalamu wa lishe bila haya. Mayai mawili na kipande cha samaki ni mwanzo mzuri. Hata maharagwe na ndengu huweza kupangiwa nafasi, yakilowekwa, yakachemshwa na maji yake yakamwagwa. Orodha ya vyakula usivyoweza kununua haitamsaidia shangazi.

Daftari moja tu

Nunua daftari dogo, lile la watoto wa shule. Mpime mgonjwa kila asubuhi kabla hajala, akiwa na nguo nyepesi, na uandike. Andika amekula nini na kiasi gani: sahani nzima, nusu, au robo. Andika amelalia mito mingapi, kama soksi zimeacha alama miguuni, na kama pete au bangili imeanza kuteleza. Bangili ikiteleza huku soksi zikibana, umeuona mtego kwa macho yako mwenyewe.

Kama anashindwa kupumua akilala, au miguu imelegea ghafla na moyo unadunda ovyo ovyo, usingoje siku ya zamu yake. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo.

Siku nyingine zote, nenda na daftari lako, mpe muuguzi na umwulize maswali mawili: "Uzito wake mkavu ulipimwa upya lini? Na lini mtu alimpima lishe?" Uliza kwa heshima, maana wauguzi hao wana wagonjwa wengi na mikono michache. Lakini uliza. Na Jumapili ijayo ukienda kumtazama shangazi, kabla hujamsifu mashavu, mshike mkono, bonyeza muundi wake taratibu, kisha umwulize jana alikula nini.